Kuku wa Krismasi na Mlango wa Mbinguni

Baba yangu ni Mwislamu wa Arua, mama alikuwa Mkatoliki wa Gulu, nami nimelelewa katika kambi ya polisi hapa Kampala, ambako ndoa ya namna hiyo haikumshangaza mtu. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu kila mmoja alikataa katakata kujifunza lugha ya mwenzake. Kwenye dini walielewana zaidi. Baba alimwamsha mama awahi misa ya kwanza, mama alimpikia baba daku, na kila kuku wa nyumba ile alichinjwa na baba ili sote tule sufuria moja.

Mwaka niliojiandaa kwa Komunyo ya kwanza, mwalimu wetu wa katekisimu, mama mmoja Mkongomani mwenye sauti tamu, alitufundisha kwamba ubatizo ndio mlango wa mbinguni. Nikanyoosha mkono.

"Na baba yangu atapita wapi?"

Alinitazama kwa huruma. "Tutamuombeya, mutoto yangu," akasema, kisha akatuanzishia wimbo.

Jibu lile lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Kama mbinguni ni furaha tupu, nitafurahi vipi na baba yuko nje? Au Mungu atanisahaulisha? Na nikishamsahau baba, huyo anayefurahi atakuwa mimi kweli? Ukubwani nilikuja kujua kwamba wasomi wa dini wamebishana juu ya hilo kwa karne nyingi. Wakati ule nilidhani nimeligundua mimi, na nilikasirika ipasavyo. Nikamwambia mama sipokei Komunyo. Mahali asipoingia baba, na mimi sipataki.

Mama alikuwa anachambua mchele. Krismasi ilikuwa kesho yake, na baba alikuwa amepelekwa kazini Karamoja.

"Kamata kuku," akasema. "Twende tutafute mtu ya kuchinja."

Siku nyingine tungebisha hodi kwa jirani. Lakini kambini kwetu, sikukuu hiyo ikifika, askari Waislamu ndio hushika zamu ili Wakristo wapumzike, na wote walikuwa wameshatoka. Basi tukapanda kilima cha Old Kampala kwa miguu, kuku mwekundu kwapani mwangu, akinichafulia gauni. Nilimkumbusha mama kwamba kisu tunacho, kwamba tuliobaki nyumbani sote ni Wakristo, na kwamba baba hataonja hata mfupa. Yote yalikuwa kweli. Mama alizidi kupanda.

Karibu na msikiti mkubwa tulimpata mzee mwenye bucha.

"Bwana yako iko wapi, nnyabo?" akamuuliza mama kwa heshima.

"Karamoja."

"Sasa nani atakula hii kuku?"

"Mimi na watoto. Lakini sufuria ni yake."

Mzee alicheka mpaka akashika meza. Kisha akamshika kuku, akataja jina la Mungu, akachinja.

Tulipokuwa tunateremka, mama alisimama kando ya barabara akiwa na mfuko mkononi. Alikuwa bado anahema.

"Sikia," akasema. "Kwa meza yangu haiwezi kukaa nyama yenye baba yako hawezi kula, hata kama yeye haiko. Na mimi ni mtu ya dhambi tu. Sasa wewe unafikiri Mungu iko mchoyo kunishinda mimi?"

Padri angepata pa kumkosoa, najua. Mimi niliridhika. Nilipokea Komunyo Pasaka iliyofuata, na baba, aliyekuwa amesharudi, alikaa benchi la nyuma, kofia ya polisi magotini, akitabasamu kama bwana harusi.

Mama alifariki hospitali ya Mulago mwaka juzi. Baba amestaafu na anaishi kwangu. Krismasi iliyopita nilimkuta uani, kuku amemfunga miguu, kisu kiko chini, yeye amekaa tu.

"Wewe ulisoma hii mambo ya kanisa," akasema bila kuniangalia. "Mama yako iko huko kwenu. Mimi nitapita wapi nimuone?"

Lilikuwa swali langu lilelile. Nilikaa chini karibu naye, nikamsimulia habari ya kilima, ya mzee wa bucha na ya maneno ya barabarani, kwa maana mama hakuwahi kumwambia. Nilipokuwa nasimulia nilimshukuru Mungu kwa mwanamke yule kwa moyo wangu wote.

Baba alisikiliza hadi mwisho.

"Alipanda kile kilima," akasema, "na mimi niko Karamoja?"

"Na kuku."

Alifuta macho kwa kiganja. Kisha akaniomba nimpe kisu.