Mlinzi wa Mbung'o Aliyeogopa Kupimwa

Faustini alistaafu mwezi wa Juni mwaka 1956, akahamia Mwamkulu kwao mkewe, akajenga nyumba kwa kiinua mgongo alichopewa. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa mlinzi wa kizuizi cha mbung'o kwenye barabara ya Inyonga. Kila aliyepita pale, awe kwenye lori, kwa baiskeli au kwa miguu, alisimama mbele yake. Faustini alimzunguka na kimia chake akiwanasa wale inzi waletao malale, kisha akamtazama mtu mwenyewe usoni. Aliyeonekana kusinziasinzia alimpapasa shingo kutafuta tezi. Akizipata, safari ya mtu huyo iliishia hapo. Alipelekwa hospitali, apende asipende.

Sasa alikuwa mtu wa nyumbani. Mkewe, Kasilda, alikuwa na jaruba la mpunga, na Faustini alijaribu kulima naye, lakini mgongo ulikataa. Kilichompa raha ni mizinga yake ya nyuki. Mwezi wa Kumi alikwenda porini siku nne kuvuna asali. Alirudi na madebe mawili na homa. Akameza kwinini, homa ikaondoka, ikarudi, ikaondoka tena.

Kufika Januari alikuwa amebadilika. Usiku macho makavu, mchana usingizi mzito kama wa mlevi. Kichwa kilimgonga. Na yeye aliyekuwa mpole tangu ujana, siku moja alitupa sahani ya ugali uani kwa sababu mboga haikukolea chumvi. Kasilda aliokota sahani, akaisuuza, hakusema neno. Hiyo ndiyo iliyomuuma Faustini kuliko kama angesema.

Jirani yao Alois, mzee aliyewahi kuwa mnyapara wa barabara, alisema hayo ni mambo ya kawaida. Mtu akizoea kazi, kisha akakaa bure, damu inalala. Kasilda akakubali. Alimpikia uji wa ulezi, akamhimiza atembee jioni, akamwombea kanisani.

Faustini peke yake ndiye aliyejua. Kila asubuhi, kabla mkewe hajaleta maji ya kunawa, alipitisha vidole nyuma ya shingo. Tezi zilikuwepo, mbili upande wa kulia, ngumu kama punje za maharage. Alikuwa amezigusa kwenye shingo za watu wengi mno asiweze kujidanganya.

Kwa nini basi hakwenda? Aliwahi kuona wagonjwa waliochomwa sindano ya uti wa mgongo, watu wazima wakilia kama watoto. Aliwajua wawili ambao dawa za zamani ziliwatoa malale zikawaachia upofu. Tena Alois alikuwa amemwambia, naye kaambiwa na mtu mwingine, kwamba mstaafu akionekana ana ugonjwa mkubwa, posho yake ya mwezi hukatwa, maana serikali hailishi mtu anayekwenda kufa. Faustini aliwaza Kasilda atakula nini. Lakini chini kabisa ya hofu zote hizo kulikuwa na aibu. Mlinzi wa mbung'o, kufa kwa mbung'o! Watu wangesema nini?

Mwezi wa Pili alikuja Mwamkulu mwanamke mmoja akiuza dagaa wakavu kutoka Ikola. Jina lake Mwanne, mtu wa makamo, sauti ya juu, mzigo wake kautandaza kwenye mkeka mbele ya nyumba ya Faustini. Kasilda alimwita mumewe achague. Faustini alichuchumaa, akachota dagaa kiganjani, akaanza kuuliza bei. Katikati ya neno akasinzia. Dagaa wakamwagika miguuni pake.

Mwanne alimtazama usoni. Kisha akamuuliza Kasilda kama mzee huyu si yule aliyekuwa kizuizini, barabara ya Inyonga. Kasilda akaitikia. Mwanne akakunja mkeka wake, akaketi kwenye baraza.

Ndipo Kasilda alipopata habari asiyoijua. Miaka minane nyuma, Mwanne alikuwa akipita pale kizuizini kwenda kumzika dada yake. Faustini alimpapasa shingo akamzuia. Mwanne alimsihi, akamtukana, akamtemea mate kwenye sare. Faustini alijifuta mate, akampandisha kwenye lori la hospitali kwa mkono wake mwenyewe. Dada alizikwa bila yeye. Mwanne alimchukia mlinzi yule mwaka mzima, hata baada ya kupona.

Faustini alipozinduka, mwanamke alikuwa bado yuko pale, na Kasilda alikuwa analia bila sauti.

"Mzee wangu," Mwanne akasema, "siku ile ulinishika kwa nguvu. Mimi leo sina nguvu za kukushika, wala sare sina. Ila nitakaa hapa barazani mpaka uinuke."

Faustini akamjibu kwamba hana lolote, ni uzee tu.

"Na mimi nilikuambia ni uchovu wa safari. Uliniamini?"

Faustini alipitisha vidole nyuma ya shingo, mbele ya macho yao. Akamwambia Kasilda amtayarishie koti lake la safari.

Walikwenda mjini Mpanda kesho yake, Kasilda akimwendesha kwa baiskeli ya kuazima, akisukuma penye mchanga. Hospitalini walipokewa na msaidizi wa tabibu, dresa aitwaye Tamimu, kijana wa mjini mwenye maneno machache. Alipapasa shingo, akatoboa kidole, akatazama damu kwenye hadubini kwa muda mrefu. Faustini hakusubiri aambiwe.

"Umewaona wadudu," alisema.

"Nimewaona, mzee. Sasa tuangalie mgongo, tujue wamefika wapi."

Sindano ya mgongo iliuma, lakini haikuuma kama hofu yake ilivyomwahidi. Wadudu walikuwa wamefika kichwani. Alilazwa wiki saba. Dawa ilikuwa mpya, na ilipoingia mshipani iliwaka kama pilipili. Mara moja ilimpoteza fahamu siku mbili, na padri akaitwa. Kasilda alilala chini ya kitanda chake muda wote huo. Mpunga wake ulivunwa na ndugu zake, na mwingi uliliwa na ndege.

Ni Tamimu aliyemwondolea ile hofu nyingine, ya posho. Faustini alipomuuliza kwa kunong'ona kama jina lake litapelekwa boma, kwenye ofisi ya serikali, ili posho ikatwe, dresa alikwenda mwenyewe kumuuliza karani wa huko. Karani alishangaa habari hiyo ilitoka wapi. Posho ile ilikuwa haki ya Faustini mpaka siku ya kufa, mzima au mgonjwa, na akilazwa, mkewe aliweza kwenda kuipokea na barua ya hospitali. Kasilda akaenda na barua, akapewa. Miezi minne mumewe alikuwa amejificha na kifo kwa ajili ya maneno ya barazani.

Faustini alitoka mwezi wa Nne, mwembamba, macho yake mazima. Mkono wa kushoto ulibaki ukitetemeka, na mizinga akampa shemeji yake, kwa kuwa hakuweza tena kupanda mti. Jambo hilo lilimhuzunisha, wala hakulificha. Alimwomba Kasilda msamaha kwa ile sahani. Kasilda akamwambia alikwisha kuisahau, na wote wawili walijua si kweli.

Tangu hapo, siku ya kupokea posho, Faustini aliwahi boma mapema kuliko wenzake. Wastaafu walikaa kwenye ukuta wa kivuli wakingoja dirisha lifunguliwe: waliokuwa matarishi, mnyapara Alois, askari wawili wa zamani. Faustini aliwauliza mmoja mmoja analalaje, anakulaje, miguu imevimba? Aliwaeleza neno la karani, akalirudia, maana uvumi hauondoki kwa kusemwa mara moja. Wengine walimcheka. Alois aliona haya kwa muda, kisha akaanza kumsaidia kueleza.

Mwezi mmoja tarishi mmoja mzee, aliyekuwa akikohoa tangu masika, alimwambia kwa hasira kwamba yeye amekuja kuchukua posho yake tu, si kupimwa.

"Chukua kwanza," Faustini akamwambia. "Mimi nakungoja hapa. Hospitali ni hapo ng'ambo ya barabara."