Wembe wa Msimamizi

Kaka yangu ni mkereza vyuma, huvichonga kwa mashine, na sitaficha: msimamizi wake namchukia kupita kiasi.

Karakana yao ina mtindo wa kijinga. Chembe ya chuma ikikuingia jichoni, huendi hospitali. Unakaa kwenye stuli, msimamizi anaichokonoa kwa ncha ya wembe, na wenzako wanakucheka ukipepesa. Mwaka jana ilikuwa zamu ya kaka. Chembe ilitoka, lakini wiki hiyohiyo jicho la kushoto likavimba na kutoa usaha.

"Vumilia, bwana," msimamizi alimwambia. "Likibaki kovu, leza italifuta, dakika tano tu. Ila ofisini usiseme umeumia kazini, utatuharibia wote."

Kaka akafunga mdomo. Kovu likakaa katikati kabisa, jeupe, na kazi za vipimo vidogo wakampa mtu mwingine.

Mwezi uliopita nilimburuta hadi kliniki ya macho. Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, alimpima, akaweka kalamu chini.

"Leza haitakufaa."

"Mbona niliambiwa dakika tano?"

"Leza inakwangua juujuu. Kovu lako limezama kupita nusu ya kioo cha jicho. Nikilifuata huko, kioo kitabaki chembamba, kitabinuka, uone vibaya zaidi. Dawa yako ni kupandikizwa kioo kingine, na foleni ni ndefu. Ungekuja wiki ile ya kwanza, tungekizuia kidonda kisichimbe."

Kaka akasema taratibu, "Andika yote hayo, daktari. Na wembe uuandike."

Barua ya daktari tuliipeleka kwa mkaguzi wa usalama kazini siku hiyohiyo. Nilitembea nikijisikia mwepesi. Msimamizi akasimamishwa, na siku ya tatu akaja kwetu, amenywea kama kuku aliyenyeshewa.

"Mdogo wangu, futa maneno yako. Nina familia."

"Kesho saa tatu asubuhi natoa ushahidi," kaka alimjibu. "Nakuja na wenzangu wanne uliowachokonoa."

Nilimfungulia mlango kwa raha zangu zote. Nilitamani atoke polepole nimfaidi vizuri. Kisha nikageuka nimpongeze kaka. Alikuwa amenyoosha mkono kuchukua glasi ya maji mezani, na vidole vyake vikafumba hewa, inchi mbili kando ya glasi.