Roswitha na Mlima Mmoja wa Mwisho

Roswitha Unterweger aliendesha basi la shule katika bonde la Gail, kusini mwa Austria. Jumamosi alirusha ndege isiyo na injini, ile inayovutwa juu kwa kamba kisha kuachiwa itafute upepo wa milimani. Alipoanza, mumewe alimcheka kwamba atatapika. Kweli alitapika. Wiki iliyofuata akarudi.

Julai moja, akiwa mbali na kwao, mawingu yalianza kukalia vilele. Chini yake palikuwa na malisho mapana, tambarare, nyasi zimeshakatwa. Angeweza kutua pale bila shida. Lakini kiwanja chao cha ndege kilikuwa nyuma ya mlima mmoja tu. "Nitavuka," akajiambia.

Hakuvuka. Mvua iliziba njia, upepo ukaanza kumkandamiza chini, na alipogeuka, ukungu ulikuwa umeshayameza yale malisho. Kilichobaki ni kipande cha mteremko chenye nyasi ndefu. Akakishukia. Bawa la kushoto likanaswa na nyasi, ndege ikazunguka kama pia, mkia ukakatika.

Mzee mmoja akaja mbio, uma wa nyasi mkononi. Alikuwa Korbinian, mwenye shamba.

"Mama wee! Nyasi zangu hizo!"

"Zitaota tena, mzee. Mguu wangu ndio sijui."

Korbinian akachungulia ndani, akautupa uma. "Tulia hapo hapo. Na usinifie hapa, mke wangu atasema ni mimi nimekuua."

Roswitha akacheka huku machozi yakimtoka.

Kifundo cha mguu kilipona kabla ya theluji kuanguka. Moyo ulichelewa. Kila wingu lilipotanda juu ya barabara, mikono yake ililowa jasho kwenye usukani.

Dietlind, mwalimu wake wa urubani, alimpigia simu majira ya kuchipua.

"Lini unarudi?"

"Mimi na ndege basi tena."

"Haya. Njoo basi tunywe kahawa."

Alipofika kiwanjani, kahawa ilikuwa ndani ya chupa, na chupa ilikuwa kwenye kiti cha nyuma cha ndege ya watu wawili.

"Wewe mwanamke una hila!" Roswitha akafoka. Lakini akapanda.

Agosti alikuwa angani, peke yake ndani ya ndege, mawingu yalipoanza tena kushuka. Akatafuta shamba lililokatwa, akakagua kama hapana nyaya za umeme, akatua taratibu, magurudumu yakiruka juu ya visiki vya nyasi.

Redio ikakoroma. Alikuwa mwenzake aliyekuwa juu. "Roswitha, mbona umeshuka? Njia iko wazi kabisa!"

"Pita wewe, ndugu yangu. Mimi nala mkate."

Mvua haikunyesha siku ile. Wenzake wote walifika kiwanjani, wakamtania walipokuja kumchukua na gari la kubebea ndege. Roswitha aliwasaidia kuchomoa mabawa ili ndege ipakiwe, akiimba.