Siku Niliyompikia Mama Mkwe Nikiwa Nimejificha

Nianze kwa kujisifu, na asiyetaka aruke ukurasa: katika kambi yetu ya polisi pale Kampala hakukuwa na mwanamume aliyemenya ndizi upesi kama mimi. Nasema mwanamume. Wanawake walinishinda wote, hata vikongwe wasioona vizuri. Lakini kwa koplo fundi wa magari, mtu wa kaskazini aliyekuzwa kwa ugali wa ulezi, nilikuwa moto wa kuotea mbali.

Sikujifunza kwa kupenda. Mke wangu, Mganda wa upande wa Masaka, alikuwa na mimba iliyowatisha madaktari, wakamlaza hospitali na kumkataza kunyanyua hata kikombe mpaka ajifungue. Akaniachia watoto watatu: binti wa miaka tisa mwenye maneno ya wakili, mvulana wa miaka sita asiyejua kuzuia kicheko, na mdogo wao wa miaka mitatu ambaye kazi yake duniani ilikuwa kula. Ilikuwa miaka ile ya utawala wa wanajeshi. Sukari, chumvi na sabuni vilipatikana kwa magendo au kwa bahati, na mtu akitoka kwake asubuhi hukuwa na hakika atarudi. Mimi saa kumi nikitoka gereji mbio moja mpaka jikoni. Wenzangu wakinikuta na kisu na ndizi mapajani walinipigia saluti: "Jambo, mama koplo!" Nami nawatupia maganda.

Mwanzoni niliunguza. Si kidogo, niliunguza mpaka majirani wakaja na ndoo za maji. Lakini wiki ya tatu nilijua kufunga ndizi kwenye majani ya mgomba, kutandika vikonyo chini ya sufuria, kuzipika kwa mvuke, kisha kuzikanda ndani ya majani yake zingali moto mpaka viganja vikalia. Watoto wakaanza kuramba sahani. Nikavimba kichwa mimi, acha tu!

Ndipo habari zikaja kutoka kijijini. Mama mkwe amesema: Jumamosi nakuja kuwachukua wajukuu wangu. Nyumba haina mwanamke, watoto watakufa njaa. Waje wakae kwangu kidogo.

Hilo "kidogo" lilinikata maini. Nilipokuwa na miaka sita nami nilipelekwa kwa shangazi nikakae kidogo. Nilirudi kwetu nina ndevu, na baba yangu akanipa mkono kama mgeni aliyepotea njia. Hatukugombana. Hatukujuana tu, mpaka akafa. Nilipofikiria barabara ya Masaka na vizuizi vyake vya askari, nikajua ningewaona watoto wangu mara moja kwa mwaka, kama ningewaona. Nikaapa: hatoki mtu.

Lakini utabishanaje na mama mkwe wa Kiganda? Kwao, mtu na mama mkwe wake hawaonani uso. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja wao anajitosa kichakani. Miaka kumi ya ndoa nilikuwa nakijua kisogo chake tu. Na chakula kilichopikwa kwa mkono wa mkwe? Hata kukitaja ni matusi. Kwa hiyo nikapanga hivi: jirani yetu, mama Mkongo muuza karanga, aje apike kwa heshima zote, mama mkwe akute watoto wameshiba na mwanamke yuko jikoni, arudi kwake peke yake.

Jumamosi asubuhi nikaenda soko la Nakasero nikarudi na mkungu wa ndizi begani, naimba. Kufika kambini nakuta wanawake wote wanakimbia kuelekea barabarani na vikapu, kama kuna moto.

"Koplo, sukari imefika Ntinda!" mama Mkongo akanipigia kelele bila hata kusimama. "Mi naenda kupanga foleni! Karanga yako iko pale mulangoni!"

"Na mama mkwe wangu je?"

"Mupikie wewe!"

Ala! Nilibaki nimesimama na mkungu wangu. Sikumlaumu, sukari ilikuwa haijaonekana miezi miwili. Nikavua shati la polisi, nikashika kisu. Mgeni alitarajiwa alasiri, na mimi ningekuwa nimekwisha kukimbilia gereji zamani. Nikamenya, nikafunga, nikawasha makaa. Nilipofika kwenye mchuzi wa karanga, mkono ukafanya mambo yake wenyewe: nikatia simsim iliyosagwa, ule ufuta wa kwetu, kama mama yangu alivyotia kila siku ya maisha yake. Sikufikiri hata kidogo.

Nilikuwa nakanda ndizi binti yangu alipoingia mbio. "Baba! Jajja yuko getini!"

Kumbe bibi yao alipata lifti ya lori la mkaa, akafika saa tano. Jiko letu lilikuwa kibanda cha mabati uani, mlango mmoja, dirisha hakuna. Kabla sijachomoka, nikasikia ile sauti ya bibi yao ikisalimia, ikisema kwamba nyumbani mwa mkwe haingii, atakaa hapa hapa nje kivulini. Na kivuli uani kilikuwa kimoja tu, cha kibanda changu. Akatandika mkeka wake mlangoni kabisa.

Basi nikawa mfungwa. Koplo mzima wa polisi, kifua wazi, nimechuchumaa nyuma ya mlango kati ya makaa na sufuria, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi.

"Nani anapika?" bibi akauliza.

"Ni mama jirani, Jajja," binti yangu akajibu bila kupepesa. "Ni Mkongo. Ana aibu sana." Mtoto huyu! Nilijivunia na kuogopa papo hapo.

"Nyabo, mama, hujambo huko ndani?"

Kimya kingekuwa utovu wa adabu. Nikabana koo nikaitika, "Eee." Nilikusudia sauti ya mwanamke. Iliyotoka ilikuwa ya mbuzi aliyekanyagwa. Mvulana wangu akaanguka chini kwa kicheko, akagaagaa mavumbini.

"Masikini, mama wa watu anaumwa?"

"Ana mafua, Jajja."

Nikauma kitambaa cha kushikia sufuria nisicheke. Kicheko cha woga ni kibaya, kinakuja tumboni na hakina breki. Nikapakua, nikamsukumia binti yangu sahani kupitia upenyo wa mlango, nikaweka jicho kwenye tundu la msumari.

Akanawa. Akamega tonge la matoke, akachovya kwenye mchuzi, akatia kinywani. Akasimamisha taya.

"Nani ametia simsim humu?"

Binti yangu, yule wakili, akageuka kuutazama mlango wa jiko.

"Karanga na simsim hivi," bibi akasema polepole, "ni watu wa kaskazini wanaochanganya."

Mungu wangu, mama yangu amenichongea kutoka kaburini! Nilijua kinachofuata. Atatema, atasukutua, atafunga virago vya watoto, na ukoo mzima utasema nimemlisha mama mkwe kwa mkono wangu. Nikamtazama mwanangu mdogo pale mkekani, mashavu yamejaa, hajui lolote.

Bibi akatafuna. Akameza. Akamega tonge jingine, kubwa kuliko la kwanza, na jingine tena, mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Niongezee," akasema.

Nilimwongezea kwa mikono miwili! Aliposhiba akamwita mvulana, akamfunua shati, akamgonga tumbo kwa vidole. Akambana mdogo shavu. Akamkagua binti kichwani, nywele nilizosuka mimi, zimekwenda kombo zote lakini safi. Kisha akainuka, akaja mpaka mlangoni, akaugeuzia mgongo kama desturi inavyotaka.

"Wewe mama Mkongo," akasema, "nimezaa watoto kumi na mmoja. Wote niliwapikia mimi, na siku za kuwazaa nilipika kabla ya uchungu kukolea. Sijawahi kuletewa sahani nimekaa." Akapangusa midomo. "Binti yangu amepata jirani mzuri."

Ningenyamaza yangekwisha. Lakini kabla sijajua nikasema, "Asante, mama," kwa sauti yangu yenyewe, ile nzito ya kunyamazishia gereji.

Hakushtuka hata kidogo. "Haya, mafua yamepona," akasema. "Ndizi zikande zaidi."

Alikuwa amekuja na shuka kubwa la kufungia nguo za watoto. Akalikunjua, akaweka ndani yake fungu la matoke lililobaki, na majani yake, akafunga vizuri na kujitwisha. Akawaambia watoto anampelekea mama yao hospitali, kisha anapanda gari kurudi kijijini, na wao wawe na adabu.

Nilitoka alipokwisha kupita geti. Nimelowa, nimejaa masizi, nacheka kama nimepagawa, nao wakanirukia mmoja shingoni na wawili miguuni mpaka tukaanguka sote kwenye mkeka wa bibi aliousahau. Nikawashika vichwa nikawahesabu, kana kwamba hawako mbele yangu. Mmoja. Wawili. Watatu. Nikahesabu tena.