Sambaza ziko wapi?

Jumanne nilikuwa kwenye chumba cha kompyuta hapa Keshero, mjini Goma, mtoto mgongoni, nikisubiri fotokopi. Mbele yangu mama muuza samaki wadogo, sambaza, alikuwa anakagua kwenye simu tovuti aliyotengenezewa na fundi wa hapo. Lava ya volkano ilikuwa imefunika meza yake ya sokoni, na wateja hawakujua alikohamia.

Akanipa simu. "Mama ya mutoto, unitafutie sambaza."

Niliona haya, lakini nikabonyeza. Juu palikuwa na orodha: Sisi ni Nani, Maono Yetu, Dhamira, Bidhaa za Majini. Nilipofika kwenye Dhamira nikapotea.

"Umeona?" akamwambia fundi. "Lava ilificha meza yangu mara moja. Weye umeificha tena!"

"Mama, ni mpangilio wa kisasa."

"Mutu mwenye njaa anaandika nini akitafuta kwenye interneti?"

Fundi akajikuna kichwa. "Sambaza Goma."

"Basi neno hilo likae mbele."

Fundi akaliweka la kwanza. Nikabonyeza mara moja tu, nikaona samaki na njia ya kufika kwa yule mama.

"Na Maono Yetu niweke wapi, mama?"

"Weka nyuma. Mutu akisha kushiba atayasoma."

Siku hizi, nikisikia hotuba ndefu redioni, nauliza kimoyomoyo sambaza zimefichwa wapi.