Mgongo wa Verlin Stamper

Verlin Stamper hakuweza kukaa ametulia. Katika chumba cha kusubiria aliinuka, akaketi, akaenda dirishani kutazama mvua kwenye vilima vya mashariki ya Kentucky, akarudi. Miguu ilikuwa na safari yake yenyewe. Hii ilikuwa wiki ya tatu bila vidonge vya maumivu. Dawa ya kliniki, aliyoiweka chini ya ulimi kila asubuhi, ilimwondolea jasho na kutapika, ila mgongo haikuugusa. Na mgongo ndio uliomtia kwenye vidonge, tangu mwamba ulipomwangukia mgodini miaka tisa iliyopita.

Mfukoni mwa shati alikuwa na kidonge kimoja cha zamani, alichokiokota chini ya kiti cha gari. Mikono ya huyu binti daktari ikishindwa leo kuutuliza mgongo, alijiambia, nakimeza.

"Lala kifudifudi, ba'mdogo," alisema Daktari Imogene Tackett walipoingia chumba cha matibabu. Baba yake alichimba makaa zamu moja na Verlin.

"Utanikanda kama unga wa mkate?"

"Unga haunung'uniki. Lala."

Vidole vikashuka polepole kando ya uti wa mgongo.

"Panauma hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

Mgodini hakuna aliyesema anaumwa. Aliyesema alipelekwa kufanya kazi juu ya ardhi, kisha nyumbani, bila kazi. Verlin alijibu kwa mazoea, meno yameumana. Vidole vikapita mahali penyewe, vikaendelea. Kisha vikasimama.

"Kabla ya kupita chini ya paa la mgodi, ulifanya nini?"

"Naligonga kwa mtaimbo. Likilia kama kengele, ni zima. Likilia kama pipa tupu, toka mbio."

"Basi mimi nagonga tangu saa ile, na wewe unanililia kengele. Baba angepita chini ya paa kama wewe?"

 Mguu wa Verlin ulipiga meza aliyolalia, ukapiga tena.

"Pale ulipopita," alisema. "Kushoto, chini ya mbavu. Na mfukoni pia nina kitu."

Daktari hakugusa mfuko. Aliweka kiganja pale kushoto, akakandamiza, akangoja. Muda mrefu. Kitu kikalegea, si chote.

"Pamepungua?"

"Nusu. Labda chini ya nusu."

Verlin alipoketi alitoa kidonge, akakiweka katika kiganja kile kile cha daktari, kingali na joto la mgongo wake.

"Kesho upo?"

"Kesho Jumapili, ba'mdogo."

"Jumatatu?"

"Saa mbili asubuhi."

Verlin akatoka nje kwenye mvua, miguu haijatulia bado, akihesabu saa hadi Jumatatu.