Okello wa Mama Keji

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, nikiwa msichana niliyerudi Juba juzi tu kutoka Uganda tulikokuwa wakimbizi. Mama Keji, jirani yetu hapa Kator, alinichukua nimsindikize gerezani. Yeye hakuwa na ndugu mle ndani. Alikuwa na desturi ya kutembelea wasio na wa kuwatembelea, na safari hiyo alikuwa ameambiwa kuna Mganda mmoja, Okello, muuza nyanya, aliyeshikwa kwa kukosa karatasi. Simu yake ilipotea siku aliyokamatwa, na kwao hawakujua aliko.

Langoni niliona haya. Askari alimfahamu Mama Keji na bakuli letu la kisra, ile mikate myembamba ya mtama, na maharage alishalikagua, lakini mama yule alisimama akaita kama anayechuuza samaki: "Okello! Okello wa Mama Keji!" Akarudia mpaka watu wa foleni wakageuka.

Nikamnong'oneza, "Mama, askari amesikia. Kelele za nini?"

"Ya biniya," yaani ewe binti, akasema bila kunitazama, "mimi siko naita askari. Naita wale iko ndani. Wasikie huyu iko na watu."

Nilimwelewa Mama Keji pale Okello alipotoka. Alikuwa kijana mwenye kifua kipana, lakini akiongea anatazama chini. Alisema analala kando ya ndoo ya choo na chakula chake kinaliwa na wengine, maana mle asiye na wageni kila mtu anamwonea. Mama Keji hakumuuliza kesi yake. Alimuuliza habari za mama yake, halafu akamwambia bakuli lile ale na wanaolala karibu naye.

Tukawa tunakwenda kila Jumatano. Hatukumtoa, sitakudanganya, wakili hatukuwa naye, wala mkubwa tunayemjua. Lakini alihamishwa kutoka kando ya ile ndoo ya choo, na wenzake wakaanza kumwita mtoto wa Mama Keji. Siku moja tukafika na bakuli letu, askari akasema amepelekwa Nimule, mpakani, arudi kwao.

Nilifurahi. Nilikasirika pia kwamba hatukuagana, baada ya kutembea kwenye jua lote lile. Nikageuka twende nyumbani, lakini Mama Keji hakusogea.

"Nani ndani hajaitwa bado?" akamuuliza askari.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kazi hii ya kutembelea wafungwa, mtu aliyefungwa usimuulize alifanya nini. Hiyo ni kazi ya hakimu. Mpe siku unayoiweza, na siku hiyo uende, hata kama mvua imeharibu barabara. Usiahidi kumtoa. Na usingoje shukrani, kwa sababu anayeachiliwa hukimbilia kwao, na ndivyo inavyotakiwa.

Nenda na Mungu. Akutunze wewe na nyumba yako, na siku ukikwama ugenini, asikosekane mtu wa kukuulizia.